Matairi ya Motakaa ya Kifaransa Iliyozeeka

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya matairi. Sisemi matairi ya motakaa hizi mpya zipitazo kila saa katika njia ya Himo, bali ya motakaa moja ya zamani, Peugeot 404, kazi ya Wafaransa, ambayo jirani yangu mmoja wa huku Marangu ameitunza tangu mwaka 1977. Huenda mtu akasema, "Mimi sina motakaa, wala nzee wala mpya, habari hii yanihusu nini?" Namwomba asubiri kidogo. Ikiwa hupanda gari la mtu mwingine na kuteremka mlimani, basi uhai wake umechukuliwa na vipande vinne vya mpira, na kila kipande hugusa ardhi mahali padogo tu, kadiri ya kiganja cha mkono.

Mzee huyo aliinunua motakaa yake kwa fedha za kahawa. Mwezi wa Julai mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni mingi katika nchi ya Brazil, na kwa sababu hiyo bei ya kahawa ikapanda ulimwenguni pote katika miaka 1976 na 1977. Msiba wa huko ukawa neema huku mlimani. Wengine walijenga nyumba za mabati, wengine walisomesha watoto, naye Mzee akanunua motakaa iliyokwisha kutumiwa na mtu wa Moshi. Peugeot 404 ilionyeshwa watu mara ya kwanza mwaka 1960, na katika Afrika Mashariki ilijipatia sifa kubwa kwa mashindano ya Safari. Ilishinda mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Na katika ile miaka miwili ya katikati dereva wake alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Chris Rothwell. Mwaka 1963 magari 84 yalianza mashindano yale, yakamaliza 7 tu. Nikiwatajia wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu jina la Shankland hunitazama kama ninayetaja mfalme wa Babeli. Lakini Mzee akilisikia husimama wima.

Motakaa hiyo si pambo la uani. Kila mwezi humpeleka mkewe kliniki Moshi, na kukiwa na msiba au arusi jirani wote hujua mlango wa kubisha. Lakini mwaka jana matairi yake yalifikia mwisho. Ukiyatazama kwa juu ungedhani bado ni mema, maana zile kashata, kama mafundi waitavyo mabonde na matuta ya mpira unaogusa njia, zilikuwa nene. Ubaya ulikuwa ubavuni. Mpira ulikuwa umepasuka nyufa ndogo ndogo nyingi, kama matope ya mfereji yaliyokaushwa na jua. Mpira huzeeka hata kama gari halitembei. Jua na hewa huukausha, nao hupoteza ulaini wake. Na motakaa isimamayo miezi mingi chini ya mwembe huharibu matairi yake pasipo kwenda hata maili moja.

Basi Mzee akashuka Moshi kwa mwenye duka mmoja, ambaye jina lake halina haja kutajwa. Yule bwana alitazama gurudumu, akasema, "Shikamoo Mzee. Rimu yako ni ya 15, na tairi hili ni la 15. Kumi na tano na kumi na tano ni mamoja." Akamuuzia matairi mawili yaliyoandikwa 195/65 R 15, kipimo ambacho hakikosekani dukani kwa kuwa motakaa nyingi za Kijapani hukitumia. Yakavikwa magurudumu ya mbele, bila mpira wa ndani.

Siku ya tatu mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi nyuma, na mkungu wa ndizi miguuni, tukiteremka kwenda Himo. Penye pindo la kushoto, mahali njia inapoinama sana, tukasikia mlio kama wa mtu aachiaye pumzi. Tairi la mbele la kulia lilikuwa limetoka upepo ghafula, na ukingo wake ukatoka mahali pake katika rimu. Usukani ukavuta kulia, yaani upande wa magari yanayopanda. Mzee hakukanyaga breki kwa nguvu. Aliushika usukani kwa mikono miwili, akaliacha gari lipoteze mbio lenyewe, kisha akaliegemeza kwenye ukingo wa udongo. Lori lililokuwa likipanda lilikuwa bado mbali. Hakuumia mtu. Lakini nilipotoka nje magoti yangu yalikuwa hayanitii, na ndizi zilikuwa zimetapakaa mpaka chini ya viti.

Siku ile ndipo nilipoanza kuchunguza habari hii, na nitawaeleza niliyoyakuta.

Kwanza tujifunze kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Chukua hayo ya 195/65 R 15. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 yaonyesha kimo cha ubavu, yaani sehemu 65 katika kila sehemu 100 za upana ule. Herufi R ni namna tairi lilivyosukwa, na nitaieleza baadaye. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mwaona jinsi vipimo vilivyochanganywa: upana ni milimita, na rimu ni inchi, mfano wa mtu aliyevaa kanzu na kofia ya Kizungu. Lakini mwenye duka alisoma namba ya mwisho tu, akasahau ya kwanza.

Tairi la asili la motakaa ya Mzee liliandikwa 165 x 380. Wafaransa walipima vyote kwa milimita: upana 165, na rimu 380. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo inchi 15 ni milimita 381. Tofauti ni milimita moja tu, nao watengenezaji wenyewe waliyahesabu hayo kuwa rimu moja. Hata hapa yule mwenye duka alikuwa na haki. Kosa lake lilikuwa katika upana. Nilichukua rula ya darasani nikapima rimu ya Mzee, toka mdomo mmoja hata wa pili kwa ndani, nikaona inapita inchi 4 kidogo tu. Tairi la 195/65 lataka rimu yenye upana wa inchi 5 na nusu mpaka 7. Ukilivika rimu nyembamba, kingo zake hubanwa zikaribiane, mbavu hutuna nje kama tumbo la chura, na kingo hazikai wima mahali pake. Gari likipinda, uzito wote huegemea gurudumu la nje, na tairi huyumba juu ya rimu yake. Katika pindo la kushoto gurudumu la nje ni la kulia. Nalo ndilo lililotuponyoka.

Tena kulikuwa na kosa la pili. Rimu za siku hizi zina kituta kidogo kinachozunguka ndani, karibu na mahali ukingo wa tairi unapokaa, ili kuuzuia usiteleze kuingia kati. Rimu nyingi za zamani hazina kituta hicho. Kwa sababu hiyo motakaa ya zamani yapasa kutiwa mpira wa ndani, yaani tyubu, ingawa tairi lenyewe limeandikwa kwamba halihitaji. Tyubu nayo iwe ya kipimo cha tairi. Ikiwa kubwa mno hukunjamana, mikunjo ikasuguana hata ikatoboka; ikiwa ndogo mno hunyoshwa ikawa nyembamba.

Wanafunzi wanaweza kufanya hesabu ifuatayo. Tairi la 165 R 15 la namna ya zamani lina ubavu wa sehemu 80 hivi katika 100. Kimo cha ubavu mmoja ni milimita 132, na mbavu mbili ni 264. Ukiongeza rimu 381 wapata 645. Sasa lile la 195/65: ubavu ni milimita 126.75, na mbavu mbili ni 253.5, ongeza 381 upate 634.5. Kimo cha matairi yote mawili hakitofautiani sana, kama milimita 10 tu, hata saa ya mwendo isingedanganya kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana macho ya Mzee hayakuona kasoro yo yote. Tairi lililokaribia kutuua lilifanana na lile lililofaa.

Naomba hapa nitoe onyo kwa wenye motakaa nzee zaidi, maana mtego wao ni mbaya kuliko huo. Peugeot 203, iliyoanza mwaka 1948, ilivaa 155 x 400. Nazo Citroën za zamani zile zilizovutwa kwa magurudumu ya mbele, ambazo Wafaransa huziita Traction, nyingi zilivaa 165 x 400. Gawanya 400 kwa 25.4, utapata inchi 15 na robo tatu. Rimu hiyo si ya 15 wala si ya 16. Tairi la inchi 15 haliingii kabisa, na fundi akililazimisha kwa nyundo na vyuma aweza kukata nyuzi za chuma zilizo ndani ya ukingo. Tairi la inchi 16 laingia kwa wepesi, na hapo ndipo penye hatari. Kipenyo chake chapita kile cha rimu kwa milimita 6 na zaidi, kwa hiyo hukaa kama kiatu cha baba mguuni mwa mtoto. Fundi atafurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi! Mwenye motakaa ya namna hiyo asikubali kitu kingine ila 400. Kampuni ya Michelin imeendelea kufanya X ya 165 x 400 kwa ajili ya motakaa nzee, na kuna wafanya biashara huko Uingereza na Ufaransa wasiouza kitu kingine ila matairi ya magari ya kale.

Nimetaja jina la Michelin, na ni vema tusimame hapo kidogo. Tairi la upepo lililofaulu katika biashara lilifanywa mwaka 1888 huko Belfast na John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Ndugu wawili, André na Édouard Michelin wa mji wa Clermont-Ferrand, mwaka 1891 wakafanya tairi la baiskeli linaloweza kuvuliwa upesi, na mwaka 1895 wakapeleka motakaa yenye matairi ya upepo katika mashindano ya kwenda Bordeaux na kurudi Paris. Kisha mwaka 1946 kampuni yao ikaandikisha uvumbuzi wa tairi la namna mpya, nalo likaanza kuuzwa mwaka 1949 kwa jina la X. Mpira wa kufanyia vitu kama hivyo haukuwa mgeni katika nchi yetu. Zamani za Wadachi miti ya mpira ilipandwa kwa wingi huko Usambara na Morogoro, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913 na mashamba mengi yakaachwa. Na Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, Waingereza wakairudia miti ile iliyosahauliwa porini, ikagemwa tena.

Ubora wa tairi la X ulikuwa katika kusukwa kwake. Ndani ya kila tairi kuna nyuzi, kama nyuzi za kitambaa. Katika matairi ya zamani nyuzi zilikwenda mshazari na kupishana, tabaka juu ya tabaka, kama ukili wa mkeka. Katika tairi la X nyuzi za ubavuni zinakwenda moja kwa moja toka ukingo mmoja hata wa pili, na juu yake, chini ya kashata, umefungwa mshipi wa nyuzi za chuma. Kwa hiyo ubavu ni laini na waweza kupinda, lakini uso unaogusa njia hukaa imara. Hushika ardhi vizuri zaidi na hudumu zaidi. Namna hii ndiyo iitwayo rediali, na ndiyo maana ya ile herufi R.

Usichanganye namna hizi mbili katika ekseli moja. Na kama fedha zimepatikana za matairi mawili tu, ya rediali yatiwe nyuma, yale ya mshazari yakae mbele. Watu wengi hufanya kinyume, wakisema yaliyo bora yakae penye usukani. Lakini mbele ikishika na nyuma ikateleza, mkia wa gari huzunguka, na dereva wa kawaida hawezi kuurudisha. Afadhali mbele iteleze kwanza, maana hapo dereva huona dalili, akapunguza mwendo.

Sasa nirudi kwa Mzee. Alikuwa amekata tamaa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kuja kuitazama motakaa, akaipiga piga ubavuni kama mtu anunuaye ng'ombe. Mama, mkewe, alimwambia muuza chuma arudi baada ya mwezi. Nadhani alisema hivyo kwa kumhurumia mumewe kuliko kwa kutumaini.

Zamani labda tungalitazamia viwanda vya karibu. Arusha kilikuwako kiwanda cha General Tyre, kilichoanzishwa mwaka 1969, lakini kazi yake ilisimama katika miaka ya 2000. Nairobi kilikuwako cha Firestone, baadaye Sameer, nacho kilifungwa mwaka 2016. Tulichohitaji ni 165 R 15, na katika maduka manne ya Moshi niliyoyapitia hapakuwa na hata moja.

Msaada ulitoka mahali nisipotazamia. Mwalimu mwenzangu mmoja alipouliza tunatafuta nini, nikamtajia kipimo, akacheka. "Hicho ndicho kipimo cha Volkswagen ya marehemu baba," akasema. Naam, ile Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe, ambayo bado inapendwa na watu wengi duniani, huvaa 165 R 15. Na kwa kuwa wapenzi wake ni wengi, matairi hayo hayajaacha kufanywa. Sisi tulikuwa tukiuliza tairi la Peugeot, na kila muuzaji alitikisa kichwa. Tungaliuliza tairi la Volkswagen.

Kwanza nikahakikisha uzito, maana Volkswagen ile ni nyepesi kuliko Peugeot. Baada ya kipimo, ubavuni mwa tairi, huandikwa namba ya mzigo na herufi ya mbio. Namba 86 maana yake tairi moja laweza kuchukua kilo 530. Mara nne ni kilo 2,120. Nayo Peugeot 404 ya watu watano ina uzito wa tani moja na kidogo, hata ikijazwa watu na ndizi haifikii huko. Herufi S ni mbio za kilometa 180 kwa saa. Mzee hajapata kufika hata nusu yake.

Mpwa wa Mzee aliye Nairobi akapata muuzaji. Alipotuma picha ya matairi ya kwanza tuliyakataa. Yalikuwa mapya, hayajagusa njia, lakini namba yake ya tarehe ilikuwa 3208. Tangu mwaka 2000 tarehe huandikwa kwa tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Basi yalifanywa katika juma la 32 la mwaka 2008, yakakaa ghalani miaka hiyo yote yakizeeka kimya kimya. Kama tungaliyanunua tungalikuwa tumenunua yale yale tuliyoyatupa. Muuzaji alinung'unika, kisha akatoa mengine yasiyo na umri wa miaka miwili. Yakapita Taveta, yakalipiwa ushuru Holili, yakafika Marangu juu ya basi.

Wenye Peugeot 504 wana nafuu zaidi. Motakaa hiyo ina rimu ya inchi 14, na zile kubwa za mizigo na za familia zilivaa 185 R 14, kipimo kilichotumiwa pia na magari madogo ya abiria ya Kijapani. Ila yale yenye herufi C baada ya namba ni ya mizigo, mbavu zake ni ngumu. Katika gari la kuchukua mikungu ya ndizi yanafaa, katika gari la kumchukua mgonjwa yatamtikisa.

Kazi ya kuvika tuliisimamia wenyewe. Tuliomba fundi asugue kutu ndani ya rimu kwa brashi ya chuma, maana kutu ni msumeno kwa tyubu. Tukatia tyubu mpya, akaijaza upepo kidogo, akautoa wote, akaujaza tena, ili mikunjo ijinyoshe. Upepo tulipima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu mwendo hulipasha tairi joto, na joto huongeza upepo, kipimo kikadanganya. Tena tulijaza kwa kadiri ya kitabu cha motakaa, si kwa namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi. Ile ni mwisho wa kuvumilia, wala si amri ya kujaza.

Jumamosi ile tuliteremka tena kwenda Himo kwa njia ile ile. Penye pindo letu Mzee alipunguza mwendo kuliko ilivyohitajiwa, wala hakuna aliyemcheka. Motakaa ikapita kimya. Lile tairi pana lililochubuka tuliliuza sokoni kwa mshona katambuga, na la pili mwenye duka alikubali kulirudisha kwa nusu ya bei, baada ya maneno mengi. Matairi mapya tuliyoyanunua ni manne. Spea bado ni lile la zamani lenye nyufa, na Mzee ameandika kwa chaki juu yake: mpaka Himo tu.